Daftari la Mama

Tulipoanua matanga Ngara, mimi na dada tuligawana nguo za mama. Nilipata vitenge vitano. Kimoja, cha njano na bluu, alikipata Benaco kwa mkungu wa ndizi, mwishoni mwa Aprili 1994, siku ambazo Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Mwanamke aliyempa alikuwa na mtoto mgongoni. Mama hakuwahi kukivaa. Alisema bei ile haikuwa ya haki.

Vyote nilikwenda navyo Biharamulo, ninakofundisha hisabati. Nilitaka kumshonea mwanangu blanketi la viraka kwa mtindo niliouona kwenye video: unakata karatasi zenye pembe sita, unakunjia kitambaa juu yake, unashikiza kwa bandi, kisha unaunganisha viraka kwa mkono, ubavu kwa ubavu. Karatasi hutolewa mwishoni. Fundi cherehani jirani yangu alicheka. “Mwalimu, cherehani ipo, wewe unashona karatasi?”

Umbo hilo nalifundisha kila mwaka. Unachora duara kwa bikari, na kwa upana uleule unapiga hatua sita juu ya mzingo hadi ulipoanzia. Kila pembe ni nyuzi 120. Tatu zikikutana ni 360, hakuna upenyo. Ubaoni ni dakika tano. Kwa sindano, kiraka kimoja kilinila nusu saa. Kitambaa kikikatwa mshazari huvutika. Karatasi ndiyo hukishika.

Karatasi nilizikata kwenye daftari la madeni la genge la mama. Nikikunja kitambaa nasoma: sukari nusu, sabuni, atalipa Jumamosi.

Dada akapiga simu. “Mdogo wangu, kile cha Benaco usikikate. Si chetu.”

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Kisha nikakata nusu yake: kiraka kimoja katikati, sita kukizunguka, kumi na viwili nje yao. Jumla 19.

Uingereza kuna tandiko la viraka vya hariri la mwaka 1718, karatasi zake zingali ndani. Blanketi la mtoto lazima lifuliwe, kwa hiyo nilizitoa zote, moja moja.

Dada alipokuja likizo alivihesabu vile 19, akaikunja nusu iliyobaki, akaondoka nayo. Alisema kila akipita Rusumo huwaangalia sana wanawake wa rika la mama.