Sifuri iliyomrudisha mtoto nyumbani

Kazi ilinibana. Leo naandika kisa ambacho nimekikwepa kwa muda.

Mwaka 2011 niliandika programu ndogo ya maabara kwa kituo kimoja cha afya kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho. Awali daktari aliandika "BS" kwenye karatasi, mgonjwa akaipeleka, majibu yakarudi kwa plasi. Plasi moja ni vimelea 1 hadi 10 katika sehemu 100 za darubini. Plasi nne ni zaidi ya 10 katika kila sehemu. Nikaona hayo ni ya kizamani. Nikaweka safu ya namba, na ikiachwa wazi ijijaze 0.

Sasa, Kericho ni baridi na mvua haichoki. Tone nene la damu lisipokauka sawasawa kabla ya kutiwa rangi ya Giemsa, huoshwa lote. Zamani mtu wa maabara angeandika kwa kalamu: "imeoshwa, nitumie mgonjwa tena." Kwenye skrini yangu hapakuwa na mahali pa maneno hayo. Akaacha wazi. Daktari akaona 0, akampa mtoto dawa ya homa tu. (Miaka ya nyuma pengine angempa dawa ya malaria hata hivyo, lakini Shirika la Afya Duniani lilishasema 2010 kwamba homa ipimwe kwanza. Kwa hiyo ile 0 ilikuwa na nguvu.)

Mama alirudi usiku wa pili, mtoto ana degedege. Slaidi mpya: plasi tatu. Huku milimani wengi hawana kinga ya malaria. Alipona, namshukuru Mungu.

Nilipofika niliwakuta wawili hao wakilaumiana.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi, daktari? Tangu kompyuta ije hatuongei."

Vyumba vyao vimetengana hatua chache tu. Hakuna aliyenilaumu mimi, na hilo ndilo liliniuma.

Usiku huohuo niliruhusu safu iwe NULL, nikaongeza "haijapimwa" na "sampuli imekataliwa" pamoja na sanduku la maneno, na plasi zikarudi kando ya namba. Mtu wa maabara akaomba moja zaidi: jibu la hatari lisifungwe mpaka aandike amemwambia nani, saa ngapi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Msimbo nitaubandika Jumamosi, stima ikiwepo.