Zamu ya Kukamua
Tarehe 5 hadi 10 Januari 1998, kusini mwa Quebec, Kanada, ilinyesha mvua iliyoganda papo hapo ilipogusa waya. Nguzo za chuma ziliporomoka kwa uzito wa barafu; baadhi ya nyumba zikakaa gizani hata mwezi mzima. Binadamu aliweza kuhamia kwa jirani mwenye jiko la kuni. Ng'ombe wa maziwa hahamishiki, na kiwele kisichokamuliwa huvimba, akaugua. Basi jenereta moja ilizungushwa zizi hadi zizi, usiku na mchana. Aliyekwisha kukamua aliiachilia, ingawa kwake giza lilirudi. Umeme ulipowaka, kila mtu alishika lake. Ila sasa aliijua saa ya kukamua ya jirani yake.