Jengo la Davis, West Point

Mjomba,

Huku New York baridi imeanza kuuma. Jumamosi nilikwenda West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, nikakukumbuka wewe uliyepiga kwata miaka yote ile.

Ni kama kilomita 80 kutoka mjini, ukifuata mto Hudson kuelekea kaskazini. Getini wanakagua vitambulisho, kisha mnazungushwa kwa basi. Majengo ni ya mawe ya kijivu, na mto unapinda chini yake. Kwenye kona hiyo, mwaka 1778, waliomwasi Mwingereza walitandaza mnyororo wa chuma ng'ambo hadi ng'ambo kuzuia meli zake. Pete zake kadhaa zimehifadhiwa. Moja tu haibebeki kwa mkono mmoja!

Chuo kilianzishwa mwaka 1802, enzi za Rais Jefferson. Aliyekipa sifa ni Sylvanus Thayer, mkuu wa chuo tangu 1817 hadi 1833: alikaza nidhamu, akasisitiza hesabu na uhandisi. Grant na Lee, majenerali waliopambana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wote walisoma hapa. Wasichana walianza kupokelewa mwaka 1976.

Lakini mjomba, kilichonikaa moyoni ni bweni moja lililopewa jina la Benjamin O. Davis Mdogo. Huyu alikuwa kijana mweusi, aliingia chuoni mwaka 1932. Kwa miaka minne wanafunzi wenzake walimnyamazia: hakuna aliyezungumza naye ila kwa jambo la kazi. Alilala chumba cha peke yake, akala bila mtu wa kupiga naye soga. Walitaka achoke aondoke. Hakuondoka. Mwaka 1936 alihitimu akiwa wa 35 kati ya 276, baadaye akaongoza marubani weusi wa Tuskegee katika Vita Kuu ya Pili, akapanda hadi ujenerali. Kabla yake, Henry Flipper, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu, mwaka 1877, naye alionja upweke uleule.

Chuo kinahubiri heshima. Mimi naona heshima yake kubwa wameibeba hawa wawili, waliotendewa isivyo heshima wakabaki wima. Bweni la Davis lilifunguliwa mwaka 2017. Wasimulie wajukuu, mjomba, wayajue majina haya.

Mpwa wako akupendaye.