Kupakua na Kushika Amana

Neno kupakua tulilitoa jikoni na bandarini tukalipeleka kwenye kompyuta. Wali ukipakuliwa, chungu hupungua. Shehena ikipakuliwa, jahazi huwa jepesi. Barua pepe haifuati desturi hiyo, nami ninayepokea tungo za washairi kwa njia hiyo nashukuru.

Katika itifaki ya POP3, ambayo maelezo yake yanayotumika hadi leo yalitolewa mwaka 1996, programu huiomba seva barua, na seva hutoa nakala. Asili hubaki palepale. Programu ikiamuru barua ifutwe, seva huitia alama tu. Kufuta kwenyewe hungoja programu iage. Mtandao ukikatika kabla ya kuaga, alama zote hubatilika na barua hubaki zilivyokuwa. (Wapwani tunaojua uzito wa kuaga hatutashangaa.)

Mshairi mmoja mzee, sasa marehemu, alinitumia utenzi ulionakiliwa na mjukuu wake kutoka daftari lililokwisha kuliwa na mchwa. Umeme ulizimika kwangu utenzi ukiwa njiani. Uliporejea, programu ilianza tena, na beti zote zikaja.

Upande wa mpokeaji nao una adabu yake. Daniel J. Bernstein, aliyeandika programu ya qmail, alibuni mpangilio uitwao Maildir, wenye vyumba vitatu: cha muda, cha barua mpya, na cha zilizokwisha kuonwa. Barua huandikwa kwanza katika chumba cha muda. Programu huhakikisha kwamba maandishi yametua diskini, hayaelei tena katika kumbukumbu inayopotea pamoja na umeme. Ndipo faili huhamishiwa chumba cha barua mpya. Kuhamisha huko si kuandika upya, ni kubadili tu mahali jina lake lilipo, kwa hiyo msomaji hakuti kamwe ubeti uliokatwa kwenye mshororo wa pili. Baada ya hapo tu ndipo inafaa seva iambiwe ifute. Pakitokea hitilafu katikati, barua huenda ikaja mara mbili, jambo ambalo mimi naliona dogo sana. Isitoshe, seva nyingi huipa kila barua kitambulisho chake, na programu huitambua iliyokwisha kuichukua.

Sipendekezi tuliache neno kupakua, limekwisha kuota mizizi. Lakini kile kipindi ambacho barua iko huku na kule, seva ikiishikilia hadi mwenyewe athibitishe, sijaona istilahi yake. Katika maandishi yangu nimeanza kukiita kushika amana.