Lisbon kwa Baiskeli ya Umeme: Vilima Saba na Dhahabu ya Kilwa

Ndugu msomaji, mji wa Lisbon, makao makuu ya Ureno, haumpokei mgeni kwa tambarare. Umejengwa juu ya vilima ambavyo wenyeji, kwa desturi ya tangu zamani, huvihesabu kuwa saba, na barabara zake hupanda na kushuka kwa ukali ambao mtu aliyelelewa Kariakoo au Magomeni hakuuzoea. Kwa sababu hiyo wageni wengi huishia chini, kandokando ya mto Tejo, ambako njia imenyooka na upepo ni mwanana. Huko chini ndiko iliko minara ya mabaharia. Ndiko Ureno inakojisifu. Lakini mambo yatuhusuyo sisi watu wa Afrika Mashariki, aghalabu yako juu vilimani, na apandaye kwa miguu huchoka kabla hajayafikia. Hapo ndipo baiskeli ya umeme inapopata maana yake.

Usiidhanie kuwa ni pikipiki. Ina pedali, mnyororo, gia na breki kama zile uzijuazo. Ila imefungwa mota ndogo, ama kwenye kitovu cha gurudumu ama pale pedali zinapozungukia, pamoja na betri iliyofichwa ndani ya fremu au chini ya keria. Mota hiyo haifanyi kazi mpaka wewe mwenyewe ukanyage. Kifaa maalumu hupima juhudi ya miguu yako, kisha huongeza nguvu yake juu ya yako. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mota ya baiskeli ya namna hii haizidi wati 250, na msaada wake hukoma ufikapo mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Ukitaka kwenda kasi zaidi ya hapo, utatumia jasho lako. Yenyewe ni nzito, aghalabu kilo 20 na zaidi, hivyo ole wake anayesahau kuchaji akaishiwa betri katikati ya mlima! Mwenzetu anayeshusha magunia ya mkaa kutoka Kisarawe kwa baiskeli angeitazama akacheka, kisha angeuliza bei.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba huwasawazisha watu. Babu mwenye miaka 65 na mjukuu wake mwenye miaka 20 hupanda kilima kimoja kwa pamoja huku wakizungumza. Kwa familia inayotembea pamoja hilo si jambo dogo.

Hata hivyo usiipokee ukaondoka nayo hivi hivi. Tangu mwaka 2017 Jiji la Lisbon lina baiskeli zake za umma ziitwazo Gira, zikiwemo za umeme, lakini hizo zinamfaa aliyekwisha kuujua mji. Mgeni na aende kwa wakodishaji wanaotoa kiongozi kwa saa mbili tatu za kwanza, ndipo abaki peke yake. Somo hutolewa mahali palipo wazi, na hapana mahali bora kuliko Praça do Comércio, uwanja mpana unaotazamana na mto, ambao wenyeji wengi bado wanauita kwa jina la kale, Terreiro do Paço, yaani uwanja wa kasri. Kasri lenyewe halipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliuangusha mji, maji yakaupandia, na moto ukamalizia yaliyobaki. Mitaa ya Baixa iliyo nyuma ya uwanja, iliyonyooka kama mistari ya daftari, ilijengwa upya baada ya msiba huo.

Kiongozi atakufundisha mambo manne, nawe uyashike. Kwanza, magari huku hupita upande wa kulia. Mkono wetu wa kushoto uuache nyumbani. Pili, anza na msaada mdogo wa mota, uongeze mlima unapoanza, si ukiwa umekwisha kukwama. Tatu, vijia vya mji huu vimetandazwa mawe madogo ya chokaa, meupe na meusi, yaliyosuguliwa na nyayo za watu hata yakang'aa. Yakipata mvua huteleza kama sabuni. Nne, na hili ndilo linalowaangusha wengi, jihadhari na reli za tramu. Gurudumu jembamba likiingia katika ufa wa reli halitoki, utakayetoka ni wewe. Reli hukatwa kwa mkingamo, kamwe haifuatwi sambamba.

Mkimaliza, mnaanza kupanda upande wa mashariki, kuelekea Alfama. Mtaa huu ulinusurika kwa kiasi kikubwa katika tetemeko lile, na vichochoro vyake vimebaki vilivyokuwa: vyembamba, vyenye ngazi na kona zisizotabirika, nguo zikianikwa kutoka dirisha hata dirisha. Mtu wa Mji Mkongwe wa Unguja asingepotea hapa, au angepotea kwa furaha. Jina lenyewe ni la Kiarabu, kwani Waislamu waliutawala mji huu kwa karne kadhaa hadi mwaka 1147, nalo latokana na chemchemi za maji ya moto.

Kabla hujaingia Alfama kwenyewe, nyuma ya kanisa kuu, mwombe kiongozi asimame mbele ya jengo la rangi hafifu ambalo wapita njia wengi hawaligeukii. Hilo ni Aljube. Tangu mwaka 1928 hadi 1965 lilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa, na humo watu waliteswa na kuwekwa katika vyumba vyembamba mithili ya zizi la mnyama mmoja. Miongoni mwa waliofungwa humo ni Agostinho Neto, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Angola. Tarehe 25 Aprili 2015 jengo hilo lilifunguliwa kuwa makumbusho ya upinzani na uhuru. Jina lake nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya kisima au shimo, na zamani lilikuwa jela ya kanisa. Hapo nilikumbuka neno letu 'gereza', ambalo wataalamu wengi wa lugha husema tumelitoa katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hatukulipokea neno hilo katika meza ya karamu.

Kutoka hapo mlima huwa mkali hasa mpaka Graça. Ongeza nguvu ya mota, tulia juu ya kiti, ipishe tramu namba 28 inayopanda ikilalamika, na kwa muda usiozidi dakika chache utakuwa juu, mapaa mekundu ya mji yakiwa chini yako na mto nyuma yake. Pumzika, unywe maji, upige picha. Sitakueleza zaidi, macho yatakutosha.

Mkishuka kwa upande wa pili mtafika Largo de São Domingos, kiwanja kidogo ambako Waafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, hukutana kuzungumza na kufanya biashara ndogondogo. Kisha mnapanda tena upande wa magharibi, hadi Largo do Carmo. Hapa, ndugu msomaji, iegemeze baiskeli kwenye mti na ukae.

Ni kiwanja cha kawaida chenye miti na kisima cha mawe. Upande mmoja kuna kanisa lisilo na paa, ambalo limeachwa hivyo tangu tetemeko la 1755. Kando yake ni kambi ya askari wa Republican Guard, au kama waiitavyo wenyewe, Guarda Nacional Republicana. Ndani ya kambi hiyo, tarehe 25 Aprili 1974, alijificha Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, baada ya maofisa vijana wa jeshi kuuasi utawala wake alfajiri ile. Nje alisimama Kapteni Salgueiro Maia, mwenye umri wa miaka 29, na magari ya deraya aliyoyaleta kutoka Santarém. Wananchi walikuwa wameambiwa redioni wabaki majumbani, nao hawakubaki. Walikijaza kiwanja, wakapanda juu ya miti, wakawapa askari maua mekundu ya mikarafuu ya bustanini wakayachomeka katika midomo ya bunduki. Jioni Caetano akasalimu amri, akaondolewa ndani ya gari la deraya. Kibao cha kumkumbuka kapteni huyo kimewekwa ardhini, chini ya miguu ya wapitao.

Damu haikukosekana kabisa. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika mtaa wa António Maria Cardoso, polisi wa siri waliufyatulia risasi umati uliokuwa mbele ya makao yao, wakawaua watu wanne.

Kwa nini nakukalisha hapa muda mrefu? Kwa sababu maofisa wale hawakuasi kwa kuota ndoto moja usiku mmoja. Walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola vilivyoanza mwaka 1961, vya Guinea mwaka 1963, na vya Msumbiji mwaka 1964. Na vita vya Msumbiji viliongozwa na FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ambayo kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu katika mji huo huo tarehe 3 Februari 1969. Wapiganaji waliofunzwa Nachingwea na kuvuka Ruvuma wana sehemu yao katika kiwanja hiki, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote hapo. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya jioni ile, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Viongozi wa matembezi huyasimulia maua vizuri sana. Habari ya Afrika aghalabu huipitia kwa sentensi moja, kwa hiyo uulize.

Carmo ndipo kiongozi anapokuaga. Mchana ni wako.

Sasa shuka mpaka Cais do Sodré, uifuate njia ya baiskeli inayoambaa na mto kuelekea magharibi. Ni tambarare tupu, kilomita sita au saba hivi hadi Belém, na mota unaweza kuizima. Utapita chini ya daraja jekundu la chuma lililofunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, na ambalo tangu mapinduzi yale linaitwa Daraja la 25 Aprili. Magari hulia juu yako kama nyuki.

Belém ndiko alikoanzia safari Vasco da Gama mwaka 1497. Kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, ingawa alifia Cochin, India, mwaka 1524. Monasteri hiyo ya mawe yaliyochongwa kama lesi ilijengwa kwa sehemu kubwa kutokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Mbele yake, ukingoni mwa mto, umesimama mnara wa mabaharia uliojengwa mwaka 1960, na chini yake ardhini ipo dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia, ambayo watoto huichezea. Dira hiyo ilitolewa zawadi mwaka huo huo na serikali ya Afrika Kusini, ile ya makaburu. Ni mwaka wa mauaji ya Sharpeville.

Wengi hula keki za maziwa na mayai za Belém, ambazo ni tamu kweli, kisha hurudi kwa njia ile ile. Wewe usirudi hivyo. Ukishalipita daraja, kabla ya Santos, iache njia ya mto, uwashe mota, upande genge la Janelas Verdes. Mlima ni mfupi ila umesimama. Juu yake kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Uulize mapema kama milango i wazi, maana nyumba kama hizi hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, na Jumatatu hupumzika.

Unachokwenda kukitazama ni chombo cha kanisa cha dhahabu, kirefu kidogo kuliko urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshea ekaristi. Mitume 12 wamepiga magoti humo, kila mmoja na rangi zake, wakubwa kama kidole. Ni kazi ya sonara aitwaye Gil Vicente, na ni kazi ya ajabu. Hilo lazima tulikiri. Kwenye kitako chake yamo maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506.

Naam, ndiyo Kilwa yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliingia bandarini mwake na kundi la merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na mwaka 1503 akaifikisha dhahabu hiyo Lisbon. Ilikuwa dhahabu iliyochimbwa bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, Msumbiji, ikapitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Kodi hiyo haikuinusuru Kilwa: mwaka 1505 Wareno walirudi, wakauteka mji na kuupora. Ni nadra mporaji kutia sahihi. Huyu alitia, tena juu ya dhahabu yenyewe, na miaka zaidi ya 500 imepita sahihi ikisomeka.

Ukitoka, fuata barabara ya juu kurudi mjini nawe utapita Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Shimo la Weusi. Leo ni mtaa wa mikahawa na maduka. Mwaka 1515 mfalme huyo huyo Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo na kunuka.

Kutoka hapo ni mteremko hadi mtoni. Tumia breki zote mbili, chunga reli, na uirudishe baiskeli kabla ya saa ya kufunga.