Gugu la Norwich Linalokumbuka Baridi

Safari ya garimoshi kutoka London hadi Norwich, mashariki mwa Uingereza, huchukua takriban saa mbili. Mgeni huvuka Mto Wensum, kisha macho yake huvutwa na mnara wa kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka wa 1096. Ni wachache mno wanaotazama chini, kwenye nyufa za kuta na vijia, mahali panapopendwa na gugu jembamba lenye maua meupe madogo na kimo cha shubiri moja hivi.

Lakini msomaji, nje kidogo ya mji, katika taasisi ya John Innes Centre, gugu lilo hilo hutunzwa kwenye nyumba za vioo mithili ya mtoto mchanga. Kitaalamu huitwa Arabidopsis thaliana. Ni jamaa ya kabichi na sukuma wiki, ingawa halilimwi kwa chakula. Je, wataalamu wamelipendea nini?

Kwanza, halipotezi wakati: aina zinazotumiwa sana huchipuka na kukomaza mbegu kwa wiki sita hadi nane. Pili, hujichavusha lenyewe, na mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu. Tatu, lina jozi 5 tu za kromosomu. Mwaka wa 2000 lilikuwa mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake, yenye jeni zipatazo 25,000.

Profesa Caroline Dean, aliyejiunga na taasisi hiyo mwaka wa 1988, alitaka kujua jinsi mmea unavyotambua kwamba majira ya baridi yamekwisha. Ilibainika kwamba jeni iitwayo FLC huzuia maua kama breki. Baridi ya wiki nyingi huizima, na joto lirudipo seli zingali zinakumbuka, hivyo maua huchanua. Mbegu mpya husahau yote na kuanza upya.

Hayo yanamhusu nini mlaji? Kabichi nayo ina jeni za aina hiyo. Isipopata baridi ya kutosha haichanui, na mkulima hapati mbegu za msimu ujao. Sasa majira ya baridi ya Ulaya yanapozidi kupata joto, kujua hesabu hiyo ya mimea ni suala la chakula mezani.

Ukizuru Norwich, utazame mnara, kisha uinamishe macho. Wala si lazima uvuke bahari: gugu hili huota pia kwenye miinuko ya Mlima Kilimanjaro.