Yule Wanayemwachia Wazi



Katika internati yetu kila mangaribi kuko ubishi juu ya basketi: nani muzuri kupita wote kati ya wale wachezaji wafupi wenye kuleta mupira mbele. Mimi naona ubishi huu hauna mwisho, kwa sababu tunasahau kuuliza neno moja: ni nani anamukaba, na anamukaba namna gani? Muchezaji anaweza kuwa simba mbele ya ekipi moja, na juma linalofuata anakuwa sawa mutu mugonjwa, na yeye hakubadilika hata kidogo.

Kuko mwenye kutira kutoka mbali. Huyu ukimwachia hatua moja tu, amekwisha kukumaliza. Inapasa kumukaa karibu, mukono mbele ya macho, na kumufuata popote anapokimbia. Halafu kuko mwenye kupenya na mupira. Huyu ukimukaribia sana, njo umemusaidia: anakupita na unabaki kuangalia mugongo wake. Kwake ni kurudi nyuma kidogo, kufunga njia ya katikati, na kuweka mutu murefu chini ya kikapu. Wazee wetu wanakumbuka Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa, aliyesoma Universite ya Georgetown toka 1987 mpaka 1991. Katika mechi moja ya mwaka 1989 na St. John's alizuia mipira 12. Mukiwa na mutu wa vile nyuma, hata mwenye mbio za swala anafika pale anageuka. Lakini mwenye kutira kutoka mbali, Mutombo angemufikia wapi?

Mufano ninaoupenda ni wa Stephen Curry, wakati alipokuwa bado mwanafunzi wa Davidson, universite ndogo ya North Carolina. Mwaka 2008, katika mashindano makubwa ya universite za Marekani, alipiga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30, Wisconsin 33. Halafu wakakuta Kansas. Pale alitira mara 25, zikaingia 9 tu. Alipata pointi 25, lakini kila moja aliitolea jasho. Mupira wa mwisho, Davidson ikiwa nyuma kwa pointi 2, walimujia wawili. Akamupa mwenzake Jason Richards, na huyu alikuwa wa kwanza Marekani nzima mwaka ule kwa kutoa pasi. Richards akatira, ikakosa. 59 kwa 57. Kansas wakaendelea mpaka kuchukua kombe.

Mwezi wa 11 wa mwaka ule ule, antrenere wa Loyola ya Maryland, Jimmy Patsos, alifanya jambo ambalo watu wanacheka nalo mpaka leo. Aliweka watu wawili juu ya Curry mechi nzima, hata pasipo mupira. Curry akaenda kusimama kwenye kona, na wale wawili wakasimama naye. Alitira mara 3 tu, pointi sifuri, yeye aliyekuwa wa kwanza kwa pointi nchini kote msimu ule. Na Davidson ikashinda 78 kwa 48! Hesabu yake si ya universite, ni ya darasa la pili: wawili wakiwa kwenye kona na mumoja, wanabaki wanne juu ya watatu.

Watu wanasifu Curry kwa kukubali kusimama pale, na ni haki. Lakini mimi nafikiri zaidi wale wanne. Hakuna anayetaja majina yao. Siku ile waliambiwa waziwazi mbele ya watu wote: ninyi hatuwaogopi.

Ninasema hivi kwa sababu mimi njo huyo katika ekipi yetu. Ni menere, ninapenya vizuri, pasi ninaijua, lakini kutira kutoka mbali ni kazi. Rafiki yangu wa darasa la sita njo anatira. Juma lililopita tulicheza na shule moja ya hapa mujini, nao wakafanya sawasawa Loyola: wawili juu ya rafiki yangu, na aliyenikaba mimi akarudi mpaka chini ya kikapu, mikono kiunoni, anacheka. Watu wa pembeni wakapiga kelele, «Mwache huyo, mwache!» Kukabwa na wawili kunachosha mwili. Kuachiwa peke yako ni haya ya namna nyingine, maana mupira uko mukononi mwako na hakuna wa kukuzuia.

Tulishindwa kwa pointi 4. Rafiki yangu hakukubali kwenda kwenye kona. Alikimbia toka mwanzo mpaka mwisho, na wale wawili walikuwa kila mara katikati ya njia yangu. Jumanne tulizungumza. Alisema, «Ndugu yangu, nikisimama kwenye kona baba yangu atauliza kama nilikuwa mugonjwa.» Nikamwambia habari ya Curry na ile sifuri. Alinyamaza, halafu akauliza: «Na wewe, utatira?»

Swali zuri. Toka siku ile, kila mangaribi mbele ya masomo ya usiku, ninatira mara 100 kutoka kona ya kuume. Jana ziliingia 41. Tutarudiana nao mwisho wa mwezi, kwenye tereni yao, na hawajui kwamba ninahesabu.